Kompyuta Inamtaka Twalib

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimejisikia nikiongea na huku nimenyamaza. Ajabu! Warda, binti wa mwanangu Nurdin, anasoma mambo ya kompyuta Dar. Yuko likizo, amenitengenezea programu ya vitendawili. Unabonyeza, sauti yangu inatega, inangoja, watoto wakishindwa inadai ipewe mji. Nikategewa na mimi mwenyewe: mikono minane, wala hajawahi kumpa mtu salamu. Nikajibu pweza. Nimepata!

Ijumaa, Mwalimu Martina, mkuu wa shule yetu hapa Kinjumbi, atachagua sauti ya kusikilizwa madarasani kila asubuhi. Yangu au ya Bi Sauda. Bi Sauda ni mke mwenzangu. Mume wetu marehemu Huseni tulimzika miaka tisa iliyopita, ushindani hatukuuzika. Mimi shule nilitolewa darasa la pili, nikalee mdogo wangu. Safari hii naingia kwa sauti, nione nani atanitoa.

Tukaipeleka kwa flashi kwenye kompyuta ya ofisini. Picha yangu ikatokea, nimependeza. Sauti hakuna. Maandishi mekundu. Warda akasoma, akasema haioni maktaba. Nikamwambia Mwalimu Martina kweupe: itaionaje, na shule ina kabati moja la vitabu, nalo limefungwa? Mwalimu akatazama dirishani.

Warda akasema siyo maktaba hiyo, Bibi. Ni faili dogo linalojua kazi ya kutoa sauti, na kila aina ya kompyuta ina la kwake, la lugha yake ya kuzaliwa. Yake ni Linaksi, ya ofisini ni Windozi. Ni kama mimi: hapa nyumbani nasema Kimatumbi, nishushe Sudi kwenye lugha nyingine nitabaki kukodoa macho. Hapo nikaelewa. Nikauliza faili hilo linaitwaje. Akasema yake ina soo, hii inataka dili.

Basi! Sikio langu ni zima. Soo naijua, ni fedheha, vijana wakifumaniwa ndivyo wanavyosema. Na dili ni mambo ya chini ya meza. Kumbe mashine nazo!

Jumanne, 15 Julai

Dili nimelifanya. Kompyuta inatunzwa na Mwalimu Leonard, mtu mzima wa kitambi na haya nyingi. Nimempelekea pweza mkavu, mkubwa, nimemfunga kwenye kanga kuukuu. Nikamkonyeza. Akauliza jicho limeingiwa na nini. Nikamwambia ni kwa ajili ya dili. Akashukuru sana, akampeleka pweza kwa mkewe saa nne ileile. Kompyuta bubu vilevile!

Warda aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Akaniandikia mchangani: D, L, L. Herufi tatu. Pweza wangu kaliwa kwa herufi tatu!

Akalitafuta hilo faili kwa bando la simu yake. Akaliweka. Bubu. Akasema hili ni la thelathini na mbili, kompyuta ni ya sitini na nne. Nikauliza ni miaka? Akasema hapana, ni kama upana wa mashine. Ah! Kofia ya mtoto kwenye kichwa cha Leonard. Akaleta jingine. Bubu! Nikamuuliza ameliweka wapi. Akasema kwenye folda nyingine, ili paonekane pasafi. Nikamuuliza, na programu yako imeambiwa? Hata mshenga huonyeshwa nyumba ya binti, hazunguki kijiji kizima akipiga hodi. Akalihamishia ubavuni mwa programu. Sauti yangu hiyooo, ofisi nzima! Nikawauliza, aliyesoma hapa ni nani?

Bi Sauda akapita mlangoni makusudi. Akasema eti yeye karekodiwa kwa simu tu na amesikika siku hiyohiyo, hakuhitaji mganga. Nikamjibu sauti yake hata simu haihitaji, mbuzi wa kijiji kizima wanaijua.

Jumatano, 16 Julai

Mwalimu Martina kabadilisha! Kompyuta ya ofisini ina ripoti za kujazwa. Ijumaa tutasikiliza kwenye laptopu yake mwenyewe, ile yenye alama ya tunda lililong'atwa. Nikataka tujaribu leoleo. Bubu! Na Warda yuko Kilwa Masoko, kampeleka mama yake kupimwa macho, harudi mpaka Ijumaa.

Nikampigia. Mtandao unakatika kama uzi uliooza. Nimeokota maneno machache: Bibi, hiyo nayo ina ya kwake, bila Twalib haisemi. Ikakatika.

Twalib! Kati ya watu wote!

Bwana Twalib ni kaka yake Bi Sauda. Anatengeneza redio. Miaka minne sijamsemesha, tangu aseme kwenye hitima, mbele ya watu, kwamba pilau yangu ina mawe. Nimezunguka nyumba mara tatu najiuliza, mashine ya Mwalimu imemjulia wapi? Halafu nikaona mbona inalingana. Redio ni sauti. Hii nayo ni sauti. Fundi ni Twalib.

Nimekwenda. Kiburi nimekimeza, kilikuwa na mawe kuliko ile pilau. Nikamwambia kompyuta inamtaka. Akauliza imemtaja kwa jina? Nikasema kwa jina. Akaingia ndani kutafuta kanzu.

Alhamisi, 17 Julai

Twalib kaja na kanzu ya pasi na manukato. Nikamketisha mbele ya laptopu, nikaiambia, haya, huyo hapo. Twalib akaitolea salamu. Kimya. Akasema labda inaona aibu.

Mwalimu Martina akauliza kuna nini. Nikaeleza. Akavua miwani, akaifuta, akacheka, akaivaa, akacheka tena. Leonard akaandika ubaoni: dylib. Ni jina la faili, kama zile D, L, L za juzi. Linasomwa dailibu. Twalib akalitazama, akasema la kwake lina adabu zaidi. Kisha akasema, yote kwa yote, amefurahi kuitwa. Nikamwambia asizoee.

Lakini mimi si mtu wa kulala. Kama ni jina tu, si tubadilishe jina? Lile soo la Warda limo kwenye flashi. Nikamwamuru Leonard aliite dylib. Akasita. Nikamkumbusha pweza. Akabadilisha. Mashine ikalikataa hapohapo! Twalib akasema bata ukimwita kuku, bado atakwenda kuogelea. Ana maneno mtu huyu.

Sasa Bi Sauda anatangaza kisimani eti mke mwenzake kachoka ujane, anamfuata kaka yake mpaka mlangoni. Kanzu ile imeniponza.

Ijumaa, 18 Julai

Warda kashuka basi la asubuhi na faili lenyewe, lililozaliwa kwa ajili ya mashine za tunda. Mara laptopu ikauliza kama tunamwamini aliyelileta, maana haimjui. Nikaijibu kwa sauti: ni mjukuu wangu, na wewe ni nani? Mwalimu akabonyeza kukubali. Nikasikika! Kitendawiliii! Watoto wakaitikia TEGA, dirisha likatetemeka. Darasa la pili bado wanakaa upande uleule wa ukutani niliokuwa nakaa. Nikaenda kuugusa ukuta.

Kisha uamuzi. Mwalimu Martina kaona aibu kumwangusha mmoja. Sauti yangu itasikilizwa darasa la kwanza na la pili. Ya Bi Sauda, kuanzia la tatu. La tatu! Mke mwenza kanipita darasa! Mwalimu akasema ni kwa kuwa vitendawili vyake ni vigumu. Si vigumu, vimechanganyikiwa. Bi Sauda akaniambia nisome kwa bidii, Mungu akipenda mwakani nitapanda.

Jumamosi, 19 Julai

Nafasi nimeipata! Wazazi wanataka programu yangu kwenye simu zao. Simuni hakuna madarasa, humo nitasikika mpaka la saba. Safari hii sikurupuki. Nimemkalisha Warda, nikamuuliza taratibu simu nayo inataka nini. Akasema soo, Bibi, lakini ya aamu, ndiyo aina ya ubongo wa simu. Nikamwambia arudie. Akarudia: soo ya aamu, akaandika mchangani A, R, M. Aamu! Ananificha mtoto huyu, anaona haya kulitamka lote mbele ya bibi yake.

Soo la haramu!

Kwangu halikanyagi, mimi mtu wa swala tano. Lakini Bi Sauda ana simu mpya. Nimemwambia Leonard aanze kuliweka humo.