Dole Gumba Lisilosomeka

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wifi yangu kaja na blanketi. Jipya, zito, maua mekundu. Kalitupia begani kwenye joto hili! Eti kapewa bure na benki mpya ya karibu na stendi, kwa kufungua akaunti tu. Tena huko kila mia inazaa tisa kwa mwaka. Kwenye benki yangu mia inazaa tatu. Miaka kumi na moja niko nao, sijapewa hata kalamu! Nikamwambia wifi anaonekana mgonjwa. Akacheka. Sikupenda cheko lile.

Ada ya Nesi mwisho Ijumaa. Nesi ni mjukuu wangu. Unesi hajausoma bado, jina nimemtangulizia. Ndiye aliyenifundisha herufi hizi, jikoni, kwa maana shule mimi niliiona kwa nje. Asipolipiwa, nafasi anapewa mwingine. Pesa ipo, nimeifulia mashuka ya watu miaka arobaini. Lakini Ijumaa bado mbali. Siku nne za mia kuzaa tisa, si haba!

Jumanne, tarehe 5

Nimehamisha zote. Binti wa dirishani, kucha kama vijiko, akaniuliza kama nataka pesa ifungwe. Swali gani hilo? Pesa isiyofungwa si inaibwa! Nikamwambia funga, mwanangu, funga kabisa, hata mimi mwenyewe nisiiguse. Akafurahi mno. Akasema niweke dole gumba kwenye kioo. Kikalia pii. Nikaweka tena. Pii. Mara sita! Foleni ikaanza kukohoa. Akasema basi bibi, atashughulikia mwenyewe, nichukue fomu na blanketi langu niende.

La bluu! Nimepita mlangoni kwa wifi mara tatu. Ya tatu nilijifanya nimepotea njia.

Jumatano, tarehe 6

Nesi kaisoma ile fomu. Akakaa chini. Akasema kufunga kwa benki si kama kufunga mlango. Pesa haitoki miaka miwili, ndiyo maana inazaa tisa. Nikamwambia kasoma vibaya. Akasoma tena. Miwili ikabaki miwili.

Hakulia. Afadhali angelia! Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nikaenda kwa wifi kukopa. Nimemeza mate na heshima yangu yote. Akasema zake nazo zimefungwa. Naye alidhani wanasema habari za kufuli. Tukakaa pale, wajinga wawili, kila mmoja na blanketi lake.

Alhamisi, tarehe 7

Nilifika benki kabla mlinzi hajafungua geti. Nesi kanishika mkono, wake wa baridi. Nikamwambia meneja akimkosesha mtoto huyu chuo, nitakuja kufulia mlangoni pake kila siku, na maji machafu nitayamwaga humo humo.

Meneja akatazama kompyuta. Akatazama sana. Akasema mama, pesa yako haijafungwa. Dole lako halikusomeka. Sabuni na mashuka vimekula mistari yote, limekuwa laini kama yai. Bila dole, hakuna kufunga. Pesa imekaa wazi tangu Jumanne!

Nililibusu dole langu mbele ya watu. Nesi naye akalibusu. Kutoa, nimetoa kwa kitambulisho na jina langu, nililoliandika mwenyewe, herufi zote. Ada tumelipa kabla ya saa sita. Nikakaa kwenye ngazi za benki nikicheka kama punguani.

Blanketi wamelitaka. Ni la waliofunga tu. Chukueni! Nimelala bila blanketi, nimekoroma.

Jumamosi, tarehe 9

Nesi kaenda chuo na sanduku lake. Moyo mwepesi, nyumba kimya. Kabla ya kuondoka aliniapisha kwamba chenji iliyobaki sitaifunga popote. Nimeapa.

Wifi kapita mchana. Pesa zake zimefungwa, masikio yako wazi. Kasikia benki nyingine huko sokoni, mia inazaa kumi na moja, na wanatoa chupa ya chai. Kubwa! Nikamuuliza kama wanafunga. Akasema hapana, wao wanaita kutunza kwa muda maalumu.

Kutunza! Hilo ni jambo jingine kabisa.

Dole nimelipaka mafuta, nimelizungushia kitambaa. Jumatatu litasomeka.