Taa Niliyoazima Bila Kuomba

Jumatatu, 3 Machi
Nimeishusha ampi ya gitaa kutoka juu ya kabati. Ya kizamani, ile ya taa za kioo zinazokuza sauti. Bendi yetu ilivunjika, wenzangu wakatawanyika, mimi nikabaki na ampi. Taa moja imekufa; kioo kimekuwa cheupe kama maziwa. Mpango: Ijumaa nifungue dirisha, nipige. Mtaa mzima utajaa mlangoni! Tangu mke wangu afariki, anayebisha hodi ni msoma mita tu.

Jumanne, 4 Machi
Fundi redio wa ng'ambo ya barabara amepanga taa kama zangu dirishani. Nimwombe? Mimi? Yeye aliyesema mbele za watu kwamba gitaa langu linakoroma! Nikamwuliza ni saa ngapi. Alipogeukia saa ya ukutani, taa moja mfukoni mwangu.

Jumatano, 5 Machi
Taa imewaka, sauti hakuna. Nikachomoa waya ukutani, nikaingiza mkono ndani. Kumbe kapasita huficha umeme tumboni! Imenirusha hadi kitandani. Nikalala pale, nikisubiri mtu aje kuuliza kishindo kile ni cha nini. Hakuna aliyeuliza.

Alhamisi, 6 Machi
Hodi! Fundi. Akasema ile niliyochukua ni mbovu, za dirishani zote ni pambo. Nzima anazo sandukuni. Akaweka moja mezani. Nikasema sielewi anazungumzia nini.

"Sawa, mzee mwenzangu," akasema, akachukua bisibisi.

Akamaliza umeme kwenye kapasita kwanza, akabadili mbili zilizovimba, akachomeka taa. Ampi ikavuma. Nusura nimkumbatie. Nikakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepiga nyimbo nne, dirisha wazi. Mtaa haukuja. Fundi alikuja. Akasema gitaa bado linakoroma, kisha akaomba wimbo wa tano. Akiaga, akasema kwake nako ni kimya hivi hivi. Niende wakati wowote, hata ampi ikiwa nzima. Nikamjibu nina shughuli nyingi mno.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefagia barazani mara mbili. Mlango wa fundi ulikuwa wazi kutwa.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata njia! Nimelegeza waya wa spika, kidogo tu, usionekane. Kesho nitamfokea: kazi gani hii ya kulipua? Atalazimika kuja. Kulitafuta tatizo kutamchukua siku mbili. Tatu, nikimshikia tochi vibaya.