Nafasi ya Msomaji Absalon

Jumatatu, 4 Novemba

Bahari mbaya. Jana feri haikuja, kwa hiyo mchungaji hakuja, kwa hiyo Mzee Absalon ndiye aliyetusomea mahubiri tena. Mwaka wa arobaini na moja huu! Mtu yuleyule anasimama na kitabu chake kwenye mlango wa kuingilia madhabahuni, pale pa msomaji, na kisiwa kizima, watu thelathini na wanane, kinamsikiliza kimya. Mimi nina sauti kumshinda. Hata Billa, mke wangu, anakubali kwamba nina sauti, ingawa alisema ni kubwa, hakusema ni nzuri.

Mchungaji hutufikia mara moja kwa wiki sita, hali ya hewa ikiruhusu. Jumapili nyingine zote msomaji ndiye kiongozi wetu wa kiroho. Absalon akipita njiani, wanaume wanavua kofia. Mimi nikipita, wananiuliza kama nimeshamrudishia Heini ngazi yake.

Nimeomba sana juu ya jambo hili. Nimemwambia Mungu waziwazi kwamba niko tayari kumtii, mradi aniite kwenye kazi hiyo hasa. Hajajibu. Nimechukulia kwamba ameniachia mipango.

Jumamosi, 9 Novemba

Mpango tayari. Kitabu cha mahubiri hukaa kabatini kanisani, na utepe mwekundu unaonyesha ukurasa wa Jumapili inayofuata. Leo nilijitolea kufagia kanisa. Billa akanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Nilipobaki peke yangu niliuhamisha utepe mpaka Krismasi. Kesho Absalon atafungua kitabu na kutusomea habari za malaika na wachunga kondoo katikati ya Novemba. Watu watatazamana. Watasema mzee amechoka. Na nani atainuka taratibu kutoka benchi la pili, karibu na jiko la makaa linalopasha kanisa joto, kwenda kumsaidia?

Msomaji ana sharti moja tu. Asome kilichoandikwa, asiongeze neno lake, asipunguze. Wazee wa hapa wanaliita hilo utii. Mimi naliweza kabisa. Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumapili, 10 Novemba

Haiwezekani! Absalon alifungua kwenye utepe. Mimi nilishaanza kuinuka. Basi akasoma habari ya binti wa Yairo, ambayo ndiyo ya leo, bila kukosea, akigeuza kurasa kwa utulivu wake wote. Nikabaki nimeinama nusu. Nikajifanya nafunga kamba za kiatu.

Ibada ilipokwisha nilikwenda kabatini. Utepe uko palepale, Krismasi. Nilielewa wakati wa chakula cha mchana, kiazi kikiwa mdomoni. Absalon hasomi. Haoni! Mahubiri yote anayasema kwa kichwa, na kurasa anazigeuza bure.

Nimempata. Halafu nikaona shida iliyopo. Nimejuaje kwamba hasomi? Kwa sababu utepe ulikuwa Krismasi. Na nani aliuweka Krismasi? Siri ninayo, lakini siwezi kuitoa bila kujianika mwenyewe. Kiazi sikukimaliza.

Jumanne, 12 Novemba

Feri imekuja leo, imeleta kifurushi na barua ya mchungaji kwa Absalon. Nikajitolea kumpelekea. Mtego safi: nimpe barua, nikae, ningoje ajiumbue mwenyewe. Absalon akaipokea, akaipapasa, akanirudishia. Akasema, "Nisomee, Hanus. Mimi macho yameniisha, mwaka wa tatu huu." Aliyasema kama mtu anayesema sukari imekwisha. Nilijiandaa kwa kila kitu, isipokuwa hilo.

Barua ilisema kwamba kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, tarehe moja Desemba, parokia yote itatumia kitabu kipya cha mahubiri. Kitabu kimo kwenye kifurushi. Uso wa Absalon ukazeeka mbele yangu. Kile cha zamani anakijua chote, akasema. Macho yalipoanza kufifia, marehemu Malena, mkewe, alimsomea tena na tena mpaka akakariri. Sasa Malena hayupo. Kondoo wamekwenda kwa mpwa wake, mashua ameiuza. Kusoma ndiyo kazi pekee ambayo Mungu hajamwondolea.

Akaniomba nimsomee kitabu kipya. Nikamwuliza kwa nini mimi, wakati kisiwa kina watu. Akasema, "Wewe unaitaka hii nafasi kuliko mtu yeyote. Utasoma kwa bidii." Nikainamisha uso kwa aibu, ingawa hakuwa akiuona.

Nimekubali. Nilimwambia Billa kwamba ni kwa upendo tu. Akaniuliza, upendo wa nani kwa nani.

Jumatano, 20 Novemba

Kila siku saa tisa alasiri niko kwa Absalon. Kahawa, mkate, jamu, halafu kitabu. Ninasoma mstari, anarudia. Mahubiri ya Majilio yanahusu punda ambaye Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wamfungue. Kisiwa chetu hakijapata kuona punda. Absalon aliniuliza punda ana kimo gani. Nikamwambia kama kondoo dume. Akasema basi Bwana alilazimika kukunja miguu.

Leo nimefanya jambo kubwa. Wanafunzi walipokwisha kumfungua punda, niliendelea kusoma kwa sauti ileile maneno yangu mwenyewe, niliyoyatunga zizini: "Vivyo hivyo, wapendwa, yupo mtu aliyefungwa miaka mingi kwenye benchi la pili, karibu na jiko, akingoja Bwana amhitaji. Mfungueni, mpeni kitabu."

Absalon alisogeza kiti karibu. Kisha akarudia neno kwa neno. Akaomba nimsomee tena hapo, apashike vizuri.

Hata mimi nimejishangaa! Tarehe moja Desemba, mbele ya kanisa zima, Absalon mwenyewe atawaagiza wanipe nafasi yake, wakidhani ni maneno ya kitabu.

Jumanne, 26 Novemba

Leo Absalon amenimiminia kahawa kwenye kikombe cha Malena. Alisema kinachakaa bure kabatini. Akanieleza kwamba Malena alipomsomea alimgusa mkono kila aya ilipokwisha, ili ajue pa kupumzika. Akaomba nami nifanye hivyo. Namgusa. Mkono wake umebaki ngozi na mifupa, na una joto.

Kabla sijaondoka aliomba. Alimshukuru Mungu kwa kumletea Hanus, mtu mkweli. Mkweli! Nikasema amina kabla hajamaliza.

Nampenda mzee huyu. Hilo halikuwamo kwenye mpango.

Jumamosi, 30 Novemba

Asubuhi Billa aliniuliza kwa nini nakula nimesimama. Nikamweleza yote, utepe, benchi, jiko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema niende kwa Absalon sasa hivi, nisikae hata kidogo. Nikatoka bila koti. Akanikimbilia na koti mpaka kwenye ukuta wa mawe, akanifunga vifungo mwenyewe.

Nilimwungamia Absalon nikiwa bado mlangoni. Mzee alicheka mpaka akashika meza. "Kijana wangu," akasema, nami nina miaka hamsini na tisa, "aliyeandika hiki kitabu anakaa mjini. Jiko letu lilipo kaambiwa na nani?"

Na utepe je? Alijua pia. Mwaka wa kanisa unaanza na Majilio, kwa hiyo Krismasi iko mwanzoni mwa kitabu na Novemba iko mwishoni. Kitabu kilipofunguka, mkono wa kushoto haukubeba kitu, kurasa karibu zote zilikuwa kulia. Akakisia kuna mtu amekichezea. Kisha akasikia kwamba mimi nimefagia kanisa, akaacha kukisia.

Nikamwuliza kwa nini basi aliniomba nimsomee. Akasema mtu anayehangaika hivyo mlangoni ni afadhali aingizwe ndani.

Tatizo ni kwamba maneno yangu yamemkaa kichwani. Tulijaribu kuyatoa mpaka kahawa ikapoa. Kila wanafunzi wanapomfungua punda, benchi la pili nalo linakuja. Akajaribu polepole, benchi. Akajaribu haraka, benchi na jiko. Mwishowe alikaa, mikono magotini. Akasema miaka arobaini na moja hajaongeza neno la mtu mbele ya Mungu, na hataanza kesho. Atafanyaje, hakusema. Aliniagiza niende nyumbani nikaombe, na safari hii nikimaliza kusema ninyamaze nisikilize.

Niliomba, nikanyamaza. Ni vigumu.

Jumapili, 1 Desemba

Feri haikuja. Kanisa limejaa. Absalon alisimama mlangoni pake na kitabu kipya, akaenda vizuri sana mpaka punda akafunguliwa. Hapo akanyamaza. Mimi nilishika benchi kwa mikono miwili. Jiko lilikuwa likilia peke yake.

Absalon akafunga kitabu. Akasema, "Jamani, mimi sioni. Mwaka wa tatu huu nawasomea kwa kichwa, na nimewaficha. Nisameheni. Hanus ndiye amekuwa macho yangu. Njoo, Hanus, umalizie." Habari ya benchi hakuigusa hata kidogo.

Nilikwenda. Sijui miguu ilinipelekaje. Nikasoma kuanzia pale punda alipofunguliwa mpaka mwisho, kilichoandikwa tu, hakuna neno langu hata moja. Katikati nililia. Nikasema ni moshi wa jiko.

Nilipomaliza, Heini, mwenyekiti wa baraza la kanisa, alisimama. Akamwambia Absalon kwamba hakuna cha kusamehe, maana wote walijua tangu mwaka ule wa kwanza wa upofu wake. Wote! Ndiyo maana mmoja wao humnong'oneza namba za nyimbo getini kila Jumapili. Hata watoto walijua, na wakatunza siri. Ni mimi tu ambaye sikuambiwa. Nilimwuliza kwa nini. Heini akakohoa, akasema waliogopa siri haitakaa mdomoni mwangu.

Kisha akasema kwamba kama Mzee Absalon anataka kupumzika, baraza linampendekeza Hanus. Mimi! Nimeingoja siku hii miaka ishirini. Nikamgeukia Absalon. Alikuwa anaupapasa mwimo wa mlango, taratibu, juu mpaka chini, kama mtu anayeaga.

Nikasema hapana. Nikasema abaki mlangoni pake mpaka Mungu mwenyewe amtoe, na mimi nitamsomea siku za kazi. Mdomo ulisema wenyewe, mimi nilikuwa bado nashangaa. Billa alinitazama vile alivyonitazama siku ya harusi, na tangu siku hiyo hakuwa amerudia. Absalon alininyoshea mkono, akakosa bega, akashika sikio. Akalishika hivyohivyo mpaka wimbo wa mwisho ukaisha.

Jumanne, 3 Desemba

Wananivulia kofia! Jana mara nne, leo asubuhi mara sita. Marjun wa posta ameniletea keki, akasema hajapata kuona unyenyekevu kama ule. Hakuna aliyetaja ngazi. Na yote haya ni kwa sababu nilikataa. Ningekubali, saa hizi wangekuwa wanahesabu makosa yangu ya kusoma. Miaka yote hii nimekuwa nikiutafuta uongozi kwa njia isiyo yake.

Saa tisa nilikuwa kwa Absalon. Tumeanza mahubiri ya Jumapili ya pili. Sijaongeza neno. Kwa mzee siwezi tena, na sitaki.

Lakini nafasi nyingine zipo. Nimeandika orodha ya zile ninazoweza kuzikataa: usimamizi wa kondoo, upigaji kengele, uenyekiti wa kamati ya gati. Ugumu ni kwamba mtu hawezi kukataa asichopewa. Lazima kwanza nipendekezwe. Mkutano wa gati ni Ijumaa, kwa hiyo nimempelekea Heini mguu wa kondoo uliokaushwa kwa upepo, ule mnono, nikamdokeza kwamba jina langu likitajwa sitakasirika. Nilikuwa mbele ya kioo najizoeza kukataa kwa sauti ya chini, na chozi moja, Billa akanikuta. Nikamwambia najifunza kumtii Mungu. Akaniuliza itakuwaje wakinipendekeza kisha nisahau kukataa.

Hilo sikuliwazia. Nimepiga magoti, nimemwomba Mungu anizuie.