Tangazo la Kusitisha Kromosomu za Baba

Wananchi wa Newala mnatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, akina baba hawatachangia tena kromosomu kwa watoto. Jukumu hilo limekabidhiwa kwa akina mama, kwa kufuata mfano wa serikali, ambayo nayo imejitoa katika uzalishaji.

Mimi ndiye katibu wa kamati iliyopitisha uamuzi huo. Tuliupitisha kwa busara, baada ya sala.

Shauri lilianza Sikudhani wa Mkunya alipoingia ofisini na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, Baba Sultani," alimwamkia Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Jafari.

"Marahaba. Lakini hilo la Baba Sultani lipite kwanza kwenye kamati."

"Lipite. Mtoto anataka jina la baba yake tu. Jandoni ataitwa mwana wa nani?"

Kwa kuwa nasoma masomo ya jioni, niliagizwa kutoa maelezo ya kitaalamu. Nikaeleza kwamba kromosomu, zinazobeba jeni, hukaa mbilimbili: moja ya mama, moja ya baba. Mwili unapotengeneza mbegu au yai, jozi hukutana, hubadilishana vipande, kisha hutengana. Kila mbegu huondoka na nusu, kila yai nusu. Nani atapata jeni ipi, Mungu ndiye ajuaye.

"Zinabadilishana vipande?" aliuliza Mwenyekiti. "Kwa kibali cha nani?"

"Hazina kibali, Mheshimiwa."

"Basi huo ni ulanguzi."

Akaamua kwamba, kwa mila yetu Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo baba hakutoa kitu. Tukapiga makofi, tukatangaza kwa kipaza sauti mpaka Masasi.

Jumatatu akafika Hamidu, mtoto wa shangazi yake Mwenyekiti, na nduguze, wamebeba majembe.

"Tumefurahi, binamu. Kama baba hatoi kitu, wewe na marehemu mjomba, baba yako, hamna undugu. Mikorosho yake, kwa mila hiyohiyo, ni yetu sisi wapwa. Tumekuja kupalilia."

"Mila zimepitwa na wakati, Hamidu."

"Tangazo lenu halijapoa bado."

Kamati ikakutana kwa dharura uani kwa Sikudhani, maana ndiko Mwenyekiti alikokimbilia. Alimpakata Sultani mbele yetu sote.

"Katibu, andika. Masikio haya ni ya marehemu baba yangu. Yamepitia kwangu."

"Na kromosomu, Mheshimiwa?"

"Zimerudishwa wilayani. Nusu kwa nusu."

"Sema kwa sauti, baba," alisema Sikudhani. "Hamidu yuko nje, hajasikia."

Akasema kwa sauti. Wakasikia wengi.

Tuliporudi ofisini, akina mama walikuwa wamejipanga mlangoni, watoto mgongoni, wengine wametoka Lisekese kwa miguu. Wote walipiga magoti kwa adabu.

"Shikamoo, Baba Oliva," alianza wa kwanza, akimtazama Mwenyekiti.