Makabati ya Sadala Yameshushwa Majini

Alasiri hiyo birika lilikuwa halijachemka bado, Mtandao akafika mbio, simu mkononi kama kawaida yake. Safari hii, lakini, habari hakuitoa kwenye simu.

"Wazee, noma! Paka wote wa Kibiti wako dirishani kwa Waziri. Wa sokoni, wa stendi, mpaka yule chongo wa buchani. Wamepanga foleni, na hakuna anayemruka mwenzake!"

Tukageuza shingo kumtazama mwenye dirisha. Sadala tunamwita Waziri kwa sababu hajapata kukiri kwamba kitu kimeharibika. Kwake kila kitu kinashughulikiwa. Alikuwa mwisho wa benchi, anatafuna kashata kama anameza kwinini.

"Suala la paka limetufikia," akasema. "Linashughulikiwa."

"Na nani?" akauliza Bi Mwanaidi, mwenye birika na mwenye kijiwe.

"Na fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa pale pale: Miraji wa Mbuchi, jina la kazi Kalafati, yaani mziba nyufa za vyombo. Huyu bwana maisha yake yote kaunda mitumbwi na mashua, hajawahi kuunda kitu kisichoelea. Lakini Waziri alipotaka makabati ya jikoni akamwita yeye, eti mbao ni mbao.

"Kabati ni mashua iliyosimamishwa wima," Kalafati akajitetea. "Lina ubavu, lina sakafu. Kuna nini tena?"

"Kuna mwanya!" Mtandao akadakia. "Nimeuona kwa macho yangu. Kabati moja huku, la pili kule, katikati panya wanapishana na kuulizana hali za nyumbani."

"Huo mdogo," nikasema mie. "Pantoni letu la Ndundu, kabla ya daraja, lilikuwa na ufa ambao kiboko alichomoza kichwa katikati ya abiria akauliza, 'Jamani, tumefika?' Tukimjibu bado, anarudi chini."

"Mzee Pantoni, huyo kiboko mpumzishe leo," akasema Bi Mwanaidi. "Rukaiya anarudi jioni hii."

Hapo hata mie kiboko wangu nikamwacha.

Maana Rukaiya, mke wa Waziri, alipokwenda kwao Mbwera kumuuguza mama yake, aliapa hapa hapa mbele yetu: "Nikirudi nikaukuta ule mwanya, mimi na sufuria zangu tunahamia Mbwera moja kwa moja." Na Waziri bila Rukaiya si mtu. Tangu aondoke anaishi kwa mihogo ya Bi Mwanaidi, kakonda mpaka saa ya mkononi anaivaa begani.

"Hapa kwenye simu wanasema hivi," Mtandao akaanza kusoma. "Unayabana makabati kwa klampu, unapiga skrubu ubavuni yashikane. Pakibaki nafasi, unachomeka ubao mwembamba, unamalizia na silikoni. Kwisha habari!"

Kalafati akacheka kwa dharau. "Skrubu! Ubavu hautobolewi hovyo, mwanangu. Mie nimeuziba mwanya kwa pamba iliyochovywa sifa."

Sifa ni mafuta ya ini la papa. Ukipaka mashua Mbuchi, watu wa Nyamisati wanapiga chafya.

"Kumbe ndiyo maana ya paka!" akapiga kelele Bi Mwanaidi.

"Paka ni mashahidi wangu, bi mkubwa. Tena sikuishia hapo. Leo asubuhi nimeyashusha majini."

"Umeyashusha nini?"

"Mashua mpya mbao zake kavu, lazima ivuje. Ukiishusha majini mbao zinakunywa, zinavimba, mianya inajifunga yenyewe. Sasa makabati nitayabebaje mpaka mtoni? Nimeuleta mto jikoni. Nimeziba chini ya mlango, nikamwaga mapipa."

Bi Mwanaidi akalivuta birika karibu naye, lisije nalo likazibwa mdomo. "Sadala, jikoni kwako kuna maji?"

"Kiwango kinaridhisha," akajibu Waziri.

Hapo bodaboda ikasimama. Rukaiya akashuka na furushi la mchele, akanusa mara moja tu. Binti wa delta huyo, hadanganyiki.

"Nani kaunda mashua hapa?"

Mie nikajifanya nakunywa kikombe kitupu. Yeye akashika njia ya nyumbani, sisi nyuma, paka wakatupisha kwa adabu. Alipofungua mlango wa jikoni, maji yalitoka kumlaki, ndala ya mumewe ikiongoza msafara. Akaingia. Akainama kwenye makabati.

"Mwanya uko wapi?"

Haukuwepo. Wallahi haukuwepo! Mbao za mwembe zilikuwa zimeumuka kama maandazi, makabati mawili yamekumbatiana kama ndugu waliopatanishwa msikitini.

"Hapapiti hata wembe," akasema Kalafati, kifua mbele.

Waziri akataka kutabasamu. Rukaiya akashika mlango wa kabati, akavuta. Akakanyaga ukuta, akavuta tena. Kikatoka kishikio peke yake.

"Nyumba inanuka papa! Jikoni bwawa! Sikai hapa mie. Sufuria zangu zitoke, narudi Mbwera!"

"Zimo ndani ya kabati, dada, hazitoki," akasema Kalafati kwa upole. "Mpaka mbao zikauke."

"Zinakauka lini?"

"Kwa jua hili, zisipoguswa tena na maji, mwezi."

Rukaiya akamtazama mumewe. Akaiona ile saa begani.

"Sufuria zangu siziachi. Nitakaa mpaka zikauke, zikikauka tu naondoka. Bi Mwanaidi, niazime chungu, nimpikie huyu asije akanifia mikononi."

Basi masika imekuja ikapita, kiangazi kimekuja kikapita, na mbao hazijakauka. Kalafati anaapa hajapata kuona mwembe mkaidi namna ile. Waziri kanawiri, saa imeteremka mpaka kwenye kiwiko. Ila hamalizi kikombe cha kwanza bila kuchukua ndoo yake chini ya benchi.

"Wapi tena, Waziri?"

"Kuna suala nyumbani. Nalishughulikia."

Juzi soga zilinoga, akapitiwa. Alipokumbuka akaruka, akamsukuma Mtandao: "Kimbia na hii ndoo, ukayamwagie makabati kidogo tu, shemeji yako asikuone!"

Mtandao akaenda. Akarudi na ndoo ile ile, haijalowa.

"Haikuhitajika, mzee. Nimemkuta dada Rukaiya mwenyewe jikoni, kashika kata, anayamwagilia."

Waziri akaketi taratibu. Akaagiza kikombe cha pili.