Ng'ombe wa Chef wa Anga

Akilimali alikuwa anakunywa chai kando ya barabara ya Gihundwe, wilayani Rusizi, aliposikia mvumo juu ya kichwa chake. Droni! Ilikuwa ikizunguka juu ya mahema ya sherehe ya mahari. Wengine waliona kidude cha kupiga picha. Yeye, akilini mwake, alimwona mnunuzi wake wa Bukavu, akimsubiri ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa pili wa mpaka.

Tumpe kila mtu sifa yake: huyu hakuwa mwizi. Mwizi hukimbia, Akilimali hungoja akabidhiwe kwa mikono miwili, na juu ya hayo aombwe radhi. Alishagundua kwamba kila anayerusha droni ana kahofu moyoni, huenda amevunja sheria fulani, hasa hapa penye mpaka na uwanja wa ndege wa Kamembe. Alichohitaji ni kizibao cha kung'aa, redio ya mkononi isiyo na betri na sauti nzito. Hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza jina.

Aliegesha pikipiki yake nyekundu nyuma ya mparachichi, akavaa kizibao, akaingia.

"Nani anaongoza hii kitu?"

"Ni miye, Papa," alijibu Sandrine, mpiga picha za harusi. Droni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mama yake.

"Shusha mbio! Hapa ni mupaka, frontière, na ba avion ba Kamembe banapita. Ninaichukua. Utakuya kuifwata ku bureau."

Sandrine hakuishusha. Rafiki yake aliwahi kuambiwa maneno hayo hayo, akaitoa droni yake kwa adabu zote, na hiyo bureau, yaani ofisi, anaitafuta mpaka leo.

"Ndiyo, mukubwa, Papa chef. Lakini weye ni nani, na bureau yako iko wapi?"

Akilimali alikohoa. "Usalama wa anga."

"Carte yako ya kazi?"

"Sina. Niko incognito, bantu basinijue."

"Na hii gilet yenye kuwaka?"

Mama mmoja aliyebeba sinia ya ndizi alicheka mpaka akaiweka chini. Akilimali alitikisa redio yake kwa hasira.

"Papa, miye niko na autorisation ya kurusha," Sandrine aliendelea. "Polisi akikuya, akajitambulisha, akasema nishushe, nitashusha bila kelele. Lakini chombo yangu haiendi na muntu yenye hana jina. Kama ni ya kuchukua, chukua basi."

Akaonyesha juu. Akilimali akatazama. Mamlaka yake yote, kwa bahati mbaya, yaliishia pale mkono wake ulipoishia.

Sandrine akaiacha droni ikielea, akaenda kumnong'oneza Mzee Nzabonimana, msemaji wa upande wa bibi harusi. Katika sherehe hizi msemaji kazi yake ni kubishana na wakwe kwa heshima hadi ng'ombe wapatikane, na Mzee huyu hakuwahi kurudi nyumbani bila ng'ombe. Akashika kipaza sauti.

"Bazazi betu na bandugu! Leo tumepata neema. Chef wa anga yote ya Rusizi amekuya kwetu! Mumupatie kiti ya mbele!"

Makofi yalilipuka. Akilimali aliketishwa, akaletewa nyama ya mbuzi na kinywaji baridi. Wajinga ndio waliwao, alijisemea, akiongeza pilipili.

"Sasa," Mzee aliendelea, "desturi yetu munaijua. Mukubwa kama huyu hawezi kula ku mahari na kutoka mikono mitupu. Chef, bantu banasikiliza."

Kukataa kungekuwa kukiri kwamba yeye si chef. Isitoshe, ahadi hailipiwi. Akilimali akasimama.

"Ninatoa ng'ombe! Ya pembe murefu! Iko Bugarama, inakula majani pembeni ya mashamba ya muchele."

Vigelegele! Mtaalamu mmoja wa kusifu ng'ombe wa mahari akainuka kumsifu ng'ombe huyo kwa mashairi, pembe kwa pembe, ingawa hakuna aliyemwona, hata huyo aliyemtoa.

"Tunashukuru, chef," alisema Mzee. "Na sababu Bugarama ni mbali, utatuachia rehani. Ile moto nyekundu, pikipiki yako, inatosha."

"Moto gani?"

Sandrine alimwinamia na skrini yake ndogo. "Ile ya nyuma ya muti ya avoka, Papa. Kamera ilikuona vile ulikuwa unavaa gilet. Nionyeshe bazazi?"

Ufunguo ukatoka mfukoni wenyewe. Akilimali akashika njia ya Kamembe kwa miguu, na droni ikamsindikiza mpaka kwenye kona, kama inavyostahili mgeni wa heshima.

Wiki iliyofuata alibisha hodi nyumbani kwa bibi harusi, bila kizibao. Pikipiki ilikuwa uani, imefunikwa turubai. Mzee Nzabonimana alimkaribisha kiti, na Sandrine, aliyekuwa ameleta video ya sherehe, akamsalimia vizuri sana.

"Nimekuya kuchukua moto yangu," alisema Akilimali, macho chini.

"Ni haki yako, Papa," alisema Sandrine. "Tutaita polisi wa pale barabarani ashuhudie, na unaenda nayo sasa hivi. Utatuambia kitu moja tu: weye ni nani, na bureau yako iko wapi?"

Akilimali alitupa jicho barabarani aliko polisi. Akaitazama pikipiki kwa uchungu wa kweli.

"Bugarama ni mbali," alisema mwishowe, akiinuka. "Wacha nifwate ile ng'ombe."