Meneja wa Mfukoni

Othmar wa Mbinga mjini, mtu wa maneno ya kumtoa nyoka pangoni, alishuka Liuli na kirikuu, kigari cha mizigo cha kuazima, akaona magunia ya usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, barazani kwa Mama Walburga. Mate yakamjaa. Mama wa watu aliyategemea magunia hayo kumrudisha bintiye shuleni Kigonsera, ila hilo Othmar hakuliuliza. Tapeli mwenye adabu haingilii mambo ya familia.

"Mama, bosi wangu wa Songea atakulipa kwa simu, mzigo ukifika tu."

"Huyo bosi nitamjuaje?"

Othmar akapapasa suruali kwa nje, akabonyeza kitufe cha sauti. Fundi mmoja alimwekea programu isiyolala. Hata simu iwe mfukoni, kioo kimezimika, ikihisi kitufe tu inaita, inajipokea yenyewe, na sauti nzito iliyorekodiwa inanguruma.

"Meneja hapa. Usipa wa huyo mama nautaka wote. Mpe bei anayotaka."

Walburga akalainika, magunia yakapakiwa. Gari linataka kuwashwa, akatokea mama mkwe wake, Bibi Gertrude, na fimbo yake. Sasa mtu aliyelelewa vizuri anamwamkiaje bibi kizee akiwa amesimama wima? Othmar akachuchumaa, na suruali yake ya kubana ikabana.

"Shikamoo, bibi."

"Meneja hapa," ikajibu suruali. "Usipa wa huyo mama nautaka wote..."

Othmar akainuka upesi. "Bosi naye, haraka tu."

"Sikusikia," alisema bibi. "Hebu niamkie tena, baba."

Akachuchumaa tena, angefanyaje? Meneja akarudia yale yale, neno kwa neno.

Walburga hakupandisha sauti. "Shusha mzigo wangu. Na hiyo simu niachie, au niite wazee wa kijiji kizima uwaamkie mmoja mmoja."

Othmar akashusha magunia kwa mgongo wake mwenyewe, simu akaiacha, akaondoka bila kuaga.

Siku hizi wachuuzi wakija kumlalia Walburga bei, yeye habishani. Simu ameifutika kiunoni, ndani ya kanga.

"Ngojeni kwanza nimwamkie mama," husema, akapiga magoti, na Meneja hakawii kupiga. Wachuuzi hutazamana, wakaongeza dau wenyewe.

Binti yuko shuleni. Bibi Gertrude naye anatamba kanisani kwamba Liuli nzima hakuna mkamwana mwenye heshima kama wake: siku ya wateja wengi anaamkiwa mpaka anachoka kuitikia.